Niliapa Sitashika Tena Usukani wa Harumo

Sehemu ya sita

Juma lililopita niliachia hapa: nimelala kwenye kitanda cha hospitali, mbavu tatu zimevunjika, na Maman Francine amesimama mbele yangu na kitambaa cheusi kichwani. Aliniuliza mume wake alikufa namna gani.

Nilimjibu: "Gari njo ilimuua, Maman. Harumo. Freni yake ni ya bure."

Kwa yule anayeanza kunisoma leo: mimi ni Fabien, shofere. Miaka miwili iliyopita nilikuwa ninaendesha gari ya aina ya Harumo, ya depo moja ya vitabu vya shule hapa Bukavu. Siku ile tulikuwa tunapeleka vitabu Kamanyola, mimi na Mwalimu Thierry, mume wa Maman Francine. Kwenye mteremko wa Ngomo gari ilinishinda. Ilipiga mawe ya kando, mlango wangu ukafunguka, nikarushwa barabarani. Thierry alikwenda nayo mpaka chini.

Hayo niliyaandika na ni ya kweli. Lakini kuna kitu sikukiandika, na nyinyi wasomaji mmenihurumia majuma matano bila kukijua. Leo mtakijua.

Maneno yangu ya pale kitandani hayakubaki hospitalini. Watu waliyarudia kwenye matanga. Mashofere wa mtaa wa Essence waliyarudia na kuongeza ya kwao. Mwezi haukuisha, Bukavu nzima ikawa inaita Harumo "sanduku ya maiti". Mwenye Harumo aliuza. Aliyekosa mnunuzi aliifunika turubai.

Mimi niliapa mbele ya mke wangu Adèle kwamba sitashika tena usukani wa gari ya aina ile, hata kuisogeza hatua mbili.

Nilipopona, masista wa Ibanda walinipa kazi kwenye jeep yao ya zamani, ya aina nyingine. Kazi ilikuwa kuwapandisha akina mama wenye mimba za shida kutoka kituo chao cha Luberizi, kule kwenye mashamba ya mpunga, mpaka hospitali kubwa ya hapa.

Na mkunga wa Luberizi alikuwa nani? Maman Francine.

Kila nilipofika aliniwekea sahani ya wali na sombe ya majani ya muhogo. Aliniita "ndugu ya Thierry".

Nilikula.

Kisha, mwezi wa nane, moteri ya jeep ikapasuka. Tuliivuta kwa kamba mpaka Ibanda, na haikuwaka tena.

*

"Papa Fabien, kuya uone." Ni Masera Colombe kwenye simu. Yeye ndiye mkubwa wa masista, mwanamke mfupi asiyependa maneno marefu. "Barafiki yetu ya Ulaya walitutumia ambulansi. Iko hapa mu lupango."

Nilipanda pikipiki. Nilifika kwenye lupango, uwanja wao wenye ukuta, nikakuta masista wadogo wanapiga makofi, wameizunguka gari nyeupe, ndefu, taa ya buluu juu. Hata mimi nilianza kucheka.

Kisha nikaona alama ya mbele.

Nilishika geti kwa mikono miwili. Masikio yalijaa kelele. Nilisikia tena vioo vikivunjika na vitabu vikigonga bati, na sauti ya Thierry ikiniita jina langu mara moja tu.

"Masera, hii ni Harumo."

"Naona."

"Haukusikiaka mambo yake?"

"Nilisikia. Bukavu yote ilisikia. Njo maana nimekuita weye wa kwanza." Alinivuta pembeni, mbali na wenzake. "Wanangoja barua yangu mpaka Ijumaa. Nikisema inabaki, inabaki. Nikisema hapana, wanaipeleka ku diosezi ingine. Miye sijue kitu mu mambo ya gari. Weye ulitoka mu Harumo ukiwa muzima. Sema sasa: tuipe nafasi ya pili, ao iende?"

"Ikienda, tutapata ingine wakati gani?"

"Labda mwaka kesho. Labda hapana." Akateremsha sauti. "Tangu jeep ikufe, bamama wawili wamekufa ku pikipiki, njiani, hawajafika hata Nyangezi. Wawili, Papa Fabien."

Neno "iende" lilikuwa tayari mdomoni. Lilikuwa neno rahisi na kila mtu angelielewa. Nani angemlaumu Fabien?

Lakini nilikumbuka wale mama wawili wa pikipiki.

"Nipe siku mbili, Masera."

*

Adèle hakuhitaji siku mbili.

"Kataa!" Aliacha kupeta maharagi. "Ile gari inatengenezaka bajane. Si weye mwenyewe ulituambia? Unataka na miye nivae nguo nyeusi?"

"Kuko bamama wanakufa, Adèle."

"Na weye ukikufa? Masera atalea batoto yako?" Alikuja akanishika shati. "Fabien, uliapa. Mbele yangu, hapa hapa. Ulisema freni ya Harumo ni ya bure. Ilikuwa ya bure ao haikuwa?"

"Ilikuwa."

"Basi!"

Nilimdanganya mke wangu miaka miwili. Siku ile uongo wangu ulikuwa unanirudia kwa mdomo wake, na yeye alikuwa anausema kwa mapendo.

Kesho yake asubuhi nilijaribu. Nilikwenda kwa masista wakiwa kwenye misa, nikaingia ndani ya ile gari peke yangu, nikaweka mguu kwenye pedali ya freni. Gari ilikuwa imesimama, kwenye sementi, tena lupango ni tambarare. Mguu ulitetemeka hata nikausikia ukigonga pedali, tik, tik, tik.

Nilishuka mbio, nikajificha nyuma ya jiko la masista.

Nikasema: hapana. Nitafute kosa kwenye gari hii. Kosa moja tu, nimwonyeshe Masera, iende, na mimi nilale.

Na mtu wa kunitafutia kosa alikuwa mmoja tu Bukavu nzima.

*

Papa Sumaili alikuwa na garaje na duka la vipuri vya Harumo pale Nyawera. Familia yake ni ya Uvira, watu wa biashara, waislamu, mababu zao walitoka pwani, na Kiswahili chake kilibaki cha kule. Baada ya maneno yangu, watu walitema mate kwenye mlango wake. Mmoja alimwandikia ukutani MUUAJI. Duka lilikufa. Sasa alikuwa anatengeneza pikipiki za watu kwenye uwanja wa nyumba yake.

Sikuwa nimemwona tangu siku ile. Nilifikiri atanifukuza.

Alininawisha mikono, akaniletea chai. Kisha akachukua mfuko wake wa vyombo, akanifuata mpaka Ibanda bila kuuliza chochote.

Alifungua magurudumu yote manne. Alilala chini ya gari karibu saa nzima. Mimi nilisimama karibu na miguu yake, ninaomba kimoyomoyo apate ufa, apate bomba linalovuja, apate chochote.

Alitoka, akajifuta mikono.

"Freni nzima. Mabomba mazima. Gari hii haina neno."

"Angalia tena, Papa Sumaili. Hata ile nyingine ulisemaka haina neno."

"Hata ile haikuwa na neno." Alikunja kitambaa chake polepole. "Nilishuka bondeni, Fabien."

"Bonde gani?"

"Unalijua. Siku ya tatu baada ya ajali. Mimi ndiye niliyeiuzia depo yenu gari ile, na watu walikuwa wananiita muuaji. Nikataka kujua kama kweli mimi ni muuaji. Nikashuka kwa kamba, mimi mzee huyu, kwa magoti haya."

Alinyoosha kidole kwenye magurudumu.

"Nilifungua magurudumu kama haya. Freni zilikuwa nzima. Bomba halikupasuka. Nikaingiza kichwa ndani. Gia ilikuwa katikati, haikushika kitu. Na ufunguo, Fabien, ufunguo ulikuwa umerudishwa nyuma. Moteri haikuzimika kwa ajali. Ilizimwa na mkono wa mtu."

Masista walikuwa wanaimba ndani ya kanisa lao dogo. Nakumbuka hivyo, sababu nilitamani waimbe kwa nguvu zaidi, mtu mwingine asisikie.

*

Wasomaji, kitu chenyewe ndicho hiki.

Mchezo ule mashofere wengi wa Ngomo tunaujua. Unafika juu, unatoa gari kwenye gia, sisi tunasema vitesi, unazima moteri, na uzito wa gari unakushusha bure mpaka chini. Mafuta unayookoa unawauzia watu wa pikipiki Kamanyola. Mwenye gari hajui. Mimi niliufanya miaka sita na sikuona ubaya, sababu miaka sita nilifika chini salama.

Lakini freni inapata msaada wake kutoka kwa moteri. Moteri ikizimwa, unakanyaga mara ya kwanza, inashika. Unakanyaga mara ya pili, inashika kidogo. Mara ya tatu pedali inakuwa jiwe chini ya kiatu chako, na usukani unakuwa mzito kama umeshikwa na mtu mwingine.

Siku ile ng'ombe walikuwa barabarani. Nilikanyaga kwa ajili ya ng'ombe. Nilikanyaga tena kwenye virazhi, kona kali ya mlima. Nilipokanyaga mara ya tatu tulikuwa tunakimbia, na nilipopeleka mkono kwenye ufunguo kuwasha moteri, mawe ya kando yalikuwa tayari mbele ya kioo.

Harumo haikumuua Thierry. Nilimuua mimi.

*

"Ju ya nini haukusema?" nilimwuliza Papa Sumaili. Sauti yangu ilikuwa ya mtoto.

"Ningemwambia nani? Muuza Harumo anasema Harumo ni nzuri, nani atamwamini?" Alianza kurudisha magurudumu, moja moja. "Tena nilijiambia: mtu yule ana moyo. Asubuhi moja ataamka aseme mwenyewe. Nikangoja. Miaka miwili, Fabien. Nilisali hata kwa ajili yako."

"Watanifunga."

"Labda."

"Niko na batoto."

"Najua." Alikaza nati ya mwisho, akasimama, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu tulipoanza kuongea. "Umwambie Maman Francine. Yeye kwanza, kisha Masera. Ukikaa kimya mpaka Ijumaa, nikitoka msikitini nitakwenda kuwaambia mimi."

Siku ile ilikuwa Jumanne.

*

Jumatano nilisimama mbele ya meza ya Masera Colombe.

"Ibaki, Masera."

Aliweka kalamu chini. "Uko hakika?"

"Papa Sumaili alifungua yote. Haiko na neno."

"Na ile ya zamani? Ile ilikuwa na nini?"

Hapo mlango ulikuwa wazi. Neno moja tu.

"Ile... ile ilikuwa na mambo yake."

Masera aliichukua tena kalamu. Kisha akavuta karatasi, akaanza kuandika barua. Nilitoka nje nikajipiga kofi mwenyewe, kofi la kweli, mpaka mlinzi akaniuliza kama ni nyuki.

Kabla ya jua kuzama habari ilikuwa imefika Essence, Panzi, kila mahali: Fabien amekubali Harumo! Yule yule! Wengine walisema masista wameniroga. Nyumbani Adèle alikuwa amekwisha kusikia. Alinipakulia chakula, akaketi mbali, akanitazama kama mtu anayetazama maiti.

*

Alhamisi saa tatu ya asubuhi Maman Francine alifika Ibanda. Alikuwa Bukavu tangu juzi kuchukua dawa za kituo. Aliingia kwenye lupango na hatua za hasira, boksi la dawa chini ya mkono.

"Ni kweli wanachosema?"

"Maman..."

"Ulinishika mukono ku kaburi, Fabien. Uliniambia ile gari haina moyo. Sasa unaileta Luberizi, mbele ya mulango yangu?"

"Papa Sumaili aliiangalia. Iko muzuri. Hii ni..." Nilimeza mate. "Tuipe nafasi ya pili, Maman. Ju ya bamama."

Aliizunguka gari ile polepole. Aligusa alama ya mbele kwa kidole, akakiondoa haraka kama imemchoma. Nilitamani aseme hapana. Niwaambie ukweli: nilimwomba Mungu aseme hapana.

"Niliogopa hii alama miaka miwili," alisema. "Nikiiona mu barabara nilivukaka upande ingine. Lakini weye ulikuwa ndani siku ile. Kama weye unapanda, na miye nitapanda. Si ju ya gari. Ju yako."

Sasa. Ilikuwa sasa au basi.

"Maman Francine, kuko neno nataka..."

"Francine! Francine!" Masera Colombe alikuwa anakimbia kutoka ofisini, sandali moja imemtoka mguuni. "Luberizi wameita ku simu. Yule mama wa mapacha, Sifa, damu imeanza! Muende! Muende sasa hivi!"

Maman Francine alikuwa tayari ndani ya gari.

Niliingia. Nitaapa mbele ya nani kwamba sikufurahi? Nilifurahi. Mwanamke alikuwa anatoka damu huko Luberizi, na mimi, kwa nukta moja, nilifurahi kwamba sikulazimika kusema.

*

Essence, Panzi, Nyangezi. Nilipiga honi njia yote. Kwenye tambarare gari ilikimbia vizuri sana, na nilianza kuamini kwamba mguu wangu umepona.

Juu ya Ngomo nilisimama.

"Ju ya nini umesimama?" aliuliza.

"Naangalia kitu kidogo."

Sikuwa na kitu cha kuangalia. Niliinama kando ya gurudumu ili asione uso wangu. Upande mmoja ulikuwa ukuta wa mlima, na upande mwingine hewa tu, mpaka chini kabisa ambako nyumba zinaonekana kama punje za mchele. Nilirudi, nikaweka vitesi ya pili, nikaachilia gari.

Moteri ikaanza kulia. Ililia kama mnyama anayevutwa kwa kamba, lakini iliishika gari. Tulishuka kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka.

Virazhi ya kwanza tulipita, na ya pili nayo.

Kwenye ya tatu niliisikia harufu. Raba inaungua.

"Fabien, nini inaungua?"

Mguu wangu ulikuwa umekwisha kukanyaga. Nilikanyaga kwa nguvu zote na gari ikasimama ghafla, boksi la dawa likaruka mpaka kwenye kioo. Nilibaki nimekanyaga hivyo, meno yamefungwa, ninasubiri pedali iwe jiwe.

Haikuwa jiwe. Ilikaa pale nilipoiweka.

"Fabien! Ni ile kamio! Angalia mbele!"

Mbele yetu, kwenye kona, kamio iliyojaa magunia ya sementi ilikuwa inashuka na magurudumu yake yanatoa moshi. Harufu ilikuwa yake. Shofere wake alitupungia mkono, akatokomea kwenye virazhi ifuatayo.

Maman Francine alitaka kucheka, lakini mikono yake ilikuwa imeshika kiti. "Twende," alisema. "Sifa anangoja."

Tulikwenda. Tulifika mahali pale. Walimu wenzake Thierry walisimika msalaba wa chuma kando ya barabara, wameupaka rangi nyeupe. Nilizoea kupita bila kuutazama. Maman Francine alifanya ishara ya msalaba, midomo yake ikasema kitu.

Tulipita. Nikapumua.

"Hii moteri inalia sana," alisema baadaye kidogo.

"Ni vitesi ya pili, Maman. Inashikilia gari."

"Njo vile munashukaka siku zote?"

"Njo vile inafaa."

Tulipita virazhi nyingine. Nilihisi ananitazama, lakini sikugeuza kichwa.

"Thierry aliniita kwa simu siku ile," alisema. "Hapa, ku huu mulima. Sikuambiaka mutu. Hata polisi, hata mama yangu. Ile simu ni yangu peke yangu."

Nilikumbuka. Thierry alikuwa anaongea na kucheka, simu kwenye sikio. Nilidhani anaongea na mwalimu mwenzake.

"Alikuwa anafurahi. Alisema vitabu ni mingi, batoto watarukaruka. Nilimusikia muzuri sana, Fabien. Sauti yake, upepo mu dirisha, mawe chini ya magurudumu. Hata nilimuuliza: uko unatembea kwa miguu? Akasema hapana, tuko mu gari, Fabien anatushusha polepole."

Aligeuka akanitazama waziwazi.

"Sasa niko nasikia hii moteri. Hata weye uko hapa karibu, nakusikia kwa shida. Siku ile moteri ilikuwa wapi?"

Ningeweza kusema simu za zamani zilikuwa nzuri. Ningeweza kusema upepo, kilima, lolote. Nina mdomo mzuri, nyinyi wenyewe mmeona.

Niliiegesha gari upande wa mlima, nikavuta freni ya mkono, nikarudisha ufunguo nyuma.

Moteri ikanyamaza. Ukabaki upepo kwenye dirisha, na sauti ya kijiwe kinachoteremka peke yake. Niliona kwenye uso wake kwamba ameutambua ukimya ule.

"Nilizima, Maman. Nilizimaka kila mara. Ju ya mafuta, niuzishe."

"Na freni?"

"Freni ilikuwa muzima. Gari haikuwa na kosa. Papa Sumaili hakuwa na kosa. Ni miye."

Nilingoja alie. Nilingoja anipige. Alitazama mikono yake.

"Batoto yangu wanakuombeaka kila mangaribi," alisema mwishoni. "Wakimaliza kumuombea papa yao, wanasema: na tonton Fabien. Miye njo niliwafundisha."

Kisha akanyoosha kiganja.

"Nipe ufunguo."

"Maman, Sifa anangoja..."

"Ufunguo, Fabien!"

Nilimpa. Alishuka, akavuka barabara, akasimama upande wa hewa, kitenge chake kinapigwa na upepo. Nilishuka nikamfuata. Niliogopa atajitupa, kisha nikaogopa atautupa ufunguo. Nilipokaribia, alinizunguka kwa hatua nne za haraka, na nilipogeuka kumtazama, yeye alikuwa upande wa barabara, na ukingo ulikuwa nyuma yangu.

Simu yake ikalia.

Alipokea bila kuniondolea macho. Alisikiliza. Alisema "ndiyo" mara moja, "mufunge kitambaa, mukaze" mara moja, akairudisha simu kwenye kitenge.

"Mutoto wa kwanza ametoka. Wa pili amekwama. Damu haikatike."

Alitazama barabara ya juu tulikotoka. Hakuna gari. Alitazama ya chini. Kamio ilikuwa imekwisha kupotea, hata vumbi lake limetulia. Pale mlimani palikuwa na mtu mmoja tu aliyejua kuendesha, na alikuwa mimi.

"Maman Francine," nilisema, "nikufikishe kwanza kule. Kisha unipeleke ku polisi, ao popote unataka. Nakuomba."

Alipiga hatua moja kuja kwangu. Nilirudi nyuma nusu hatua, kisigino changu kikakanyaga ukingo, na mawe yakaanza kuteremka chini yangu. Sikuyasikia yakifika.

Alipiga hatua nyingine. Sasa tulikuwa uso kwa uso, na macho yake hayakuwa na machozi hata tone.

Akauinua mkono ulioshika ufunguo.

Yaliyofuata nitawaandikia juma lijalo.